Filamu ya dakika 12 kuhusu utoto ulioporwa: tuliyojifunza kazini

Filamu yenyewe, simulizi ya Mzee mmoja aliyechukuliwa kwa nguvu kwa mama yake akiwa mtoto, ina dakika 12. Imetuchukua miezi 19 kuimaliza, na katika miezi hiyo yote kamera ilifanya kazi siku tano tu. Karibu makosa yetu yote yalizaliwa na kudhani kwamba filamu ni zile siku tano.

Mzee mwenye simulizi ni mtu wa Wiradjuri, taifa kubwa la Waaborijini lililoko bara, ndani ya jimbo la New South Wales nchini Australia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa na miaka saba, maofisa wa serikali walimchukua kwa mama yake wakampeleka kwenye nyumba ya wavulana upande wa pwani, akakaa huko hadi alipofikia umri wa kutumwa kazi. Jina lake na la nyumba hiyo hatuyaandiki popote. Hayo ni makubaliano.

Historia isomwe kabla ya kubisha hodi. Sisi tulianza kwa kumwuliza maswali ambayo majibu yake yamo vitabuni: sheria ilisemaje, bodi ilikuwa ipi, watoto walichukuliwa wangapi. Akawa anatufundisha darasa badala ya kusimulia maisha yake, na akachoka mapema. Tulitakiwa tuje tukijua kwamba sheria ya jimbo ya 1909, iliporekebishwa mwaka 1915, iliipa Bodi ya Ulinzi wa Waaborijini uwezo wa kumchukua mtoto bila kupita mahakamani. Kwamba mwaka 1940 bodi hiyo iligeuzwa kuwa ya Ustawi, ikadumu hadi 1969. Kwamba katika nyumba ya wavulana ya Kinchela, karibu na mji wa Kempsey, iliyofanya kazi kuanzia 1924 hadi 1970, watoto waliitwa kwa nambari badala ya majina. Tulitakiwa tujue kwamba tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo, katika ripoti yake ya 1997, ilikadiria kuwa kati ya 1910 na 1970 watoto wa Kiaborijini waliotenganishwa kwa nguvu na familia zao walikuwa kati ya mmoja katika kila kumi na mmoja katika kila watatu, na kwamba Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Ukiyajua haya, unakwenda kwa Mzee kusikiliza yale ambayo hayamo kwenye karatasi yoyote: sakafu ilikuwa ya nini, sabuni ilinukaje, nani alilala kitanda cha pili.

Ruhusa ni mbili, si moja. Watoto walikusanywa kutoka kila pembe ya jimbo, kwa hiyo nyumba husimama kwenye ardhi ya watu fulani na mvulana ni wa watu wengine. Kinchela, kwa mfano, iko kwenye ardhi ya Wadunghutti, lakini si wavulana wote waliopita pale walikuwa Wadunghutti. Ukipiga picha ya mto wa pwani, unaomba kwa wenye pwani. Ukitumia neno moja la lugha ya mama yake, unaomba kwa watu wa mama yake. Pa kuanzia ni Baraza la Ardhi la Waaborijini la eneo husika, kwani mabaraza hayo yapo jimbo zima kwa sheria ya 1983, pamoja na chama cha waliopitia nyumba hizo kama kipo. Sisi tulipata ruhusa ya upande mmoja tukadhani tumemaliza. Picha za mto tulizopiga asubuhi moja zilikaa miezi minne bila kuguswa, tukisubiri wenye mto wakae. Kikao chao kilikuwa cha mara moja kwa mwezi, na kimoja kiliahirishwa kwa sababu ya msiba. Msiba kwao, kama kwetu, husimamisha kila kitu, na ratiba isiyo na nafasi ya msiba si ratiba.

Kuhusu kuitana: wazee huko huitwa Uncle na Aunty hata na wasio ndugu. Kwetu tuliokua tukisema shikamoo hilo halikutupa shida yoyote.

Lililotupa shida ni neno "ndiyo". Wataalamu wa Kiingereza cha Waaborijini, Diana Eades akiwa miongoni mwa waliotangulia, wameonyesha kwamba Mwaborijini akiulizwa swali la ndiyo au hapana na mwenye mamlaka, mara nyingi huitikia "ndiyo" hata kama hakubali au hajaelewa, ili mazungumzo yaende kwa amani. Na kimya baada ya swali si kukataa wala kutojua. Ni sehemu ya kujibu. Msomaji wa Kiswahili analifahamu hili, kwani nani hajamwitikia mkubwa "sawa" huku moyo umegoma? Lakini likiingia kwenye karatasi ya ridhaa linaharibu kazi nzima. Tulimwuliza, "Tunaweza kutumia sehemu ile ya usiku?" Akasema ndiyo. Wiki tatu baadaye binti yake akatupigia simu.

Tangu siku hiyo hatukuuliza tena swali la namna hiyo. Tulimweleza njia mbili au tatu za kulifanya jambo, na mojawapo siku zote ilikuwa kuliacha kabisa. Kisha tuliondoka, tukarudi baada ya siku saba kumwuliza amefikiria nini. Kimya tulikiacha kifike mwisho wake, hata kikichukua nusu dakika. Nusu dakika ni ndefu ukiwa umeketi mezani kwa mtu. Hesabu kimoyomoyo, usijaze.

Mkataba uandikwe kabla ya kurekodi neno la kwanza, kwa lugha nyepesi, na usomwe kwa sauti mbele ya mtu aliyemchagua yeye. Sheria ya hakimiliki ya Australia ya 1968 kwa kawaida humpa haki ya rekodi au filamu aliyeitengeneza, si aliyesimulia. Maana yake ni kwamba usipoandika vingine, rekodi ya simulizi ya maisha yake inaweza kuwa mali yako siku unapobonyeza kitufe. Sisi tuliandika kwamba rekodi zote za sauti ni zake, sisi tuna leseni ya filamu hii moja tu, na yeye, kwa jina la bandia lililoko kwenye mkataba, anatambuliwa kama mwandishi mwenza. Ridhaa tuliigawa hatua tano: kurekodi, skripti, uhariri wa awali, filamu kamili, na kila matumizi baada ya hapo. Runinga ina ridhaa yake, shule ina yake, mtandao una yake. Kila hatua ana haki ya kusimamisha, na tuliandika wazi kwamba akisimamisha harudishi malipo.

Malipo nayo yana mtego. Mzee mwenye pensheni ya serikali huko anapaswa kutaja kila kipato kipya kwenye ofisi ya Centrelink, na kipato kikizidi kiwango, pensheni hupunguzwa. Ukimlipa kwa mkupuo mmoja bila kuuliza, unaweza ukamletea hasara. Ongeeni kwanza na mtu anayejua hesabu hizo, kisha mgawe malipo. Ulizeni pia kama ana shauri la fidia linaloendelea. Mpango wa kitaifa wa fidia kwa walionyanyaswa kingono wakiwa watoto katika taasisi ulianza tarehe 1 Julai 2018, na maneno aliyoyasema kwenye rekodi yanaweza kuhusika na shauri lake. Shirika la knowmore hutoa ushauri wa sheria bure kwa watu kama yeye, na saa moja ya ushauri huo ina thamani kuliko lenzi yoyote utakayokodi. Mtu aliyemtesa asitajwe jina, hata kama amekufa, mpaka mwanasheria asome skripti.

Kisha faili. Idara ya jimbo inayoshughulikia masuala ya Waaborijini ina kitengo kinachowasaidia waliochukuliwa kupata kumbukumbu zao za Bodi. Bahasha ya Mzee ilifika wakati tukiwa tayari tuna kamera, na wazo lilitujia mara moja: tumpige picha anapoifungua. Mshauri nasaha alikataa kabla hatujamaliza kusema. Alikuwa sahihi kabisa, na hili ndilo kosa tunaloliona likifanywa mara nyingi zaidi na watengenezaji wa filamu. Faili hizo zimeandikwa na watu waliomwona mtoto kama mzigo. Zina maneno ya kudhalilisha, tarehe zisizo sahihi, na sababu za kumchukua zilizoandikwa kwa mstari mmoja uliopigwa taipu. Ndani ya faili la Mzee mlikuwa na barua mbili za mama yake, zenye muhuri wa kupokelewa ofisini. Alikuwa na miaka zaidi ya sitini alipoziona kwa mara ya kwanza. Alizisoma nyumbani, akiwa na binti yake na mshauri, sisi tukiwa mji mwingine. Tulijua zimo barua kwa sababu alituambia baadaye, kwa hiari yake. Maneno yake hatukuyasoma, na kwenye filamu inaonekana bahasha tu, imefungwa.

Kurekodi sauti ndiyo kazi iliyozaa filamu, maana tuliamua mapema kwamba uso wake hautaonekana: sauti yake na mikono yake, basi. Tulirekodi jikoni kwake, kwenye kiti anachokalia kila siku. Maikrofoni mbili: moja ndogo ya kubana kwenye shati, nyingine ya fimbo, sentimita 40 hadi 50 juu ya kichwa ikielekea kifuani. Kilohezi 48, biti 24, na sauti isipande zaidi ya desibeli 12 chini ya kikomo, kwa sababu mtu anayeongea taratibu anaweza kucheka ghafla. Friji lazima lizimwe. Mngurumo wake hautoki kwenye uhariri bila kuondoka na nusu ya sauti ya mtu. Mafundi wa sauti wana desturi ya kuweka funguo za gari ndani ya friji lililozimwa, ili wasiweze kuondoka bila kukumbuka kuliwasha. Fundi wetu alipozitoa mfukoni zikagongana, Mzee akainuka bila kusema neno, akachukua kitambaa cha kufutia vyombo, akazizungushia, akaziweka ndani mwenyewe. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tutalirudia hili.

Kipindi kimoja kisizidi dakika 45, viwili kwa siku, na siku inayofuata ni ya mapumziko. Mtu wa kumtuliza awepo nyumba hiyo hiyo, amchague yeye, alipwe na filamu. Usimalizie kipindi kwenye sehemu mbaya. Dakika kumi za mwisho ni za samaki, mpira wa ligi na wajukuu. Na usiulize "ulijisikiaje". Swali hilo humrudisha ndani ya maumivu bila kukupa picha hata moja. Uliza kitasa cha mlango kilikuwa usawa gani na kifua chake. Uliza kikombe kilikuwa cha rangi gani. Majibu ya vitu ndiyo yaliyojenga seti yetu, na njia hiyo ilimwachia yeye achague kiasi cha uchungu cha kuweka juu ya kila kitu. Kila mwisho wa kipindi rekodi dakika moja ya chumba kitupu, watu wakiwa wametulia; bila hiyo mhariri hana cha kuzibia mapengo.

Tulipata saa sita. Kwa mwendo wake wa kuongea hayo ni maneno zaidi ya elfu thelathini. Filamu ya dakika 12 inabeba maneno kama 800 tu ukitaka kimya kipumue, kwa hiyo kila maneno arobaini lilibaki moja. Uchaguzi wa kwanza tuliufanya sisi, tukachagua sehemu zinazoliza. Yeye aliposoma akasema hatukuweka hata mahali pamoja alipocheka. Skripti ya pili ilianza na yeye na mvulana mwingine wakiiba machungwa.

Sasa mtindo. Watu hudhani mtindo wa kisanii ni wa kupendezesha. Hapa kazi yake ilikuwa kumwezesha mtazamaji kujua bila kumlazimisha Mzee kuona tena. Kutumia mtoto mwigizaji tulikataa tangu mwanzo: hakuna sababu ya kumpitisha mtoto wa leo, hasa wa jamii ile ile, kwenye mateso ya kuigiza. Badala yake tulichukua mwigizaji mtu mzima, Mwaborijini wa miaka arobaini na kitu, tukajenga samani kubwa kuliko kawaida ili yeye aonekane mdogo.

Hesabu ni hii. Mtoto wa miaka saba ana urefu wa takriban sentimita 122. Mwigizaji ana 170. Gawanya, unapata karibu 1.4, na kila kitu ndani ya chumba kinazidishwa kwa namba hiyo. Kiti chenye kikalio cha sentimita 45 kinakuwa 63. Meza ya 75 inakuwa 105. Mlango wa mita 2.04 unafika karibu mita 2.86, na kitasa kinapanda kutoka mita 1 hadi 1.4. Seremala wetu alizidisha urefu na upana, akasahau unene. Mbao za kitanda zilibaki milimita 19 wakati zilitakiwa ziwe 27, na matokeo yake kitanda kilionekana dhaifu kama cha maonyesho. Jicho lilijua kuna uongo bila kujua uko wapi. Ilibidi kugandisha plaiwudi ya milimita 8 juu ya kila ubao, siku mbili za kazi. Vichwa vya misumari navyo vikue, na kusuka kwa blanketi kuwe kwa nyuzi nene. Kikombe cha bati tulikitafuta kwenye maduka ya mitumba mpaka tukapata chenye mdomo wa sentimita 11. Bahasha ya sentimita 22 tuliikata upya iwe 31. Alipoishika kwa mikono miwili, chumba kizima kilinyamaza.

Ukishajenga hivi, usiishushe kamera. Mtu hudhani ili kumwonyesha mtoto lazima kamera iwe chini, lakini ukubwa wa samani umeshafanya kazi hiyo. Kamera ikae usawa wa macho ya mwigizaji, sentimita 155 hadi 160, na lenzi iwe ya milimita 40 au 50 kwa kamera ya fremu ya Super 35, ukubwa wa kihisi uliozoeleka kwenye sinema. Lenzi pana sana inavuta kuta na kuugeuza uchungu kuwa kituko.

Ngozi nyeusi kwenye ukumbi mweusi inataka akili. Kuta tulizipaka kijivu cha kiza, sio nyeusi tii, ili ngozi ipate mahali pa kujitenga. Taa kubwa laini, mraba wa mita 1.2 kupitia vitambaa viwili, iliwekwa ubavuni mwa uso badala ya mbele, kwa sababu ngozi nyeusi huonyesha umbo kwa mwako unaoteleza juu yake. Mpambaji asipake poda. Apake mafuta ya kawaida ya mwili, kidogo. Kwenye grafu ya mwanga ya monita uso wa mwigizaji tuliuweka kati ya asilimia 35 na 45, ukuta nyuma ukiwa chini ya 20. Siku ya kwanza tulipima mwanga kwa kuangalia ukuta, na picha zote za asubuhi zilitoka na uso usio na macho. Umeme wa Australia ni hezi 50, kwa hiyo fremu 25 kwa sekunde na shata ya sehemu moja ya 50 ya sekunde. Ukiweka fremu 24 na taa za bei nafuu, unaweza kupata mpepeso kwenye kuta ambao ni mgumu kuutibu.

Gari lililomchukua halionekani. Tulifunga taa mbili za wati 300, za balbu ya waya unaowaka, kwenye ubao mmoja zikiachana mita 1.3 kama taa za gari, ubao ukawekwa juu ya kitoroli cha reli ya mita nne na kusukumwa kwa sekunde sita nje ya dirisha. Mwanga unaingia, kivuli cha fremu ya dirisha kinatembea juu ya ukuta, juu ya blanketi, kinatoka. Tulijaribu kwanza na taa za LED zikatoa weupe wa gari la leo. Taa za miaka ya 1960 zilikuwa na manjano.

Kuna sehemu moja ya sekunde 40 iliyochorwa kwa mkaa. Ushahidi uliotolewa mbele ya tume unaeleza jinsi kina mama walivyowapaka watoto mkaa ili rangi yao iwe nyeusi zaidi na maofisa wasiwachukue, na mama yake Mzee alifanya hivyo hivyo. Mchoraji alianza na karatasi moja ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba: anachora, anapiga picha, anafuta, anachora tena, na alama za kufuta zinabaki kama kivuli cha kilichokuwepo. Kila mchoro unakaa fremu mbili, kwa hiyo sekunde 40 ni michoro 500. Kwa dakika nne kila mmoja, ni zaidi ya saa 33 za mezani. Karatasi ya kwanza ilichanika kwenye mchoro wa 180 kwa kufutwa mno mahali pamoja. Bora kubadili karatasi kila tukio jipya. Madirisha yazibwe kabisa, kamera iwekwe kila kitu kwa mkono, na mchoraji asivae shati jeupe, maana huirudishia karatasi mwanga kila anapoinama.

Kwenye sauti tulikaribia kufanya aibu. Mtunzi wa muziki alileta sauti ya didgeridoo, na mbunifu akapendekeza mchanga mwekundu sakafuni. Didgeridoo asili yake ni kaskazini ya Australia, na udongo mwekundu ni wa jangwa la kati. Pwani ya New South Wales ni majani ya kijani, mvua, mto uliotulia na ng'ombe wa maziwa. Kuwawekea watu wa huko alama za kaskazini ni sawa na kupiga ngoma ya Wamakonde kwenye filamu ya msiba wa Lamu. Vyote tuliviondoa, tukabaki na ndege wa pale, kookaburra na magpie, na mvua juu ya bati.

Uhariri wa awali tulimwonyesha nyumbani, kwenye runinga yake, saa nane mchana ili jioni yote ibaki kwa ajili ya kutulia, na rimoti mikononi mwake. Hilo la rimoti ni muhimu kuliko linavyosikika: tulikaa nyuma yake, na yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kusimamisha. Dakika ya saba alisimamisha. Tulikuwa tumeweka, juu ya picha ya mlango mkubwa, sauti ya funguo nyingi kwenye pete zikija kwa mbali kwenye korido. Yeye mwenyewe ndiye aliyezitaja kwenye rekodi, kwa maneno matano tu, na sisi tukaona ni kitu kizuri cha kusikilizisha. Aliweka rimoti mezani akatoka nje. Hapo ndipo sote tukakumbuka kile kitambaa cha vyombo, mwaka mmoja nyuma, na tuliona haya. Alikuwa ameshatuambia. Sauti ile ilitoka, zikawekwa sekunde nne za chumba kitupu, zile zile tulizorekodi jikoni kwake. Nasi hatukuingia tena nyumbani kwake na funguo mfukoni.

Mhariri naye ni binadamu. Aliyekata filamu hii alisikiliza sehemu ngumu mamia ya mara, na wiki ya tatu akaacha kulala. Tulichelewa kumwekea utaratibu: sehemu hizo zikatwe asubuhi, saa mbili tu, kamwe si usiku, na mshauri nasaha awe wake pia. Mwigizaji vilevile, familia yake nayo ilichukuliwa watoto. Simu ya msaada ya 13YARN, inayopokelewa na Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait wenyewe saa 24, ibandikwe kwenye ratiba ya kila siku na iwekwe mwishoni mwa filamu.

Sabtaito za Kiingereza ziache lugha yake kama alivyoisema. Kuisahihisha ni kumrudisha darasani. Tulipotengeneza sabtaito za Kiswahili kwa ajili ya jamii zetu zilizoko Australia, tulikwama kwenye neno Welfare, jina ambalo watu wale waliwaita maofisa waliochukua watoto. Kamusi inasema ustawi. Ukiandika "Ustawi wanakuja", mtazamaji anasikia wema. Tuliliacha Welfare kama jina la watu, na picha ya mama akizima taa ndiyo inayolitafsiri.

Fedha: filamu iligharimu dola 46,000 za Australia. Seti na seremala 6,800, ukumbi 4,900. Mzee alilipwa 6,000. Fungu la mshauri nasaha, nauli za familia na vikao tulilikadiria 1,200, likafika 5,300, na tofauti hiyo ilitoka kwenye siku ya sita ya kupiga picha, ambayo ilikufa. Tungeanza upya tungeliandika fungu hilo la kwanza kabisa, kabla ya kamera.

Onyesho la kwanza lilifanywa kwa familia na wenzake waliopitia nyumba hizo, miezi miwili kabla ya tamasha lolote. Filamu inatanguliwa na onyo kwamba inaweza kuwa na sauti na majina ya waliofariki, kwa kuwa jamii nyingi za huko haziyatamki majina hayo wakati wa maombolezo. Swali la filamu ifanyweje siku Mzee akifariki tulimwuliza yeye mwenyewe, kwa njia ya siku saba. Amechagua isimamishwe hadi binti yake aseme, na limo kwenye mkataba kifungu cha tisa.

Rekodi za saa sita ziko nakala tatu: moja kwenye diski iliyo kabatini kwake, moja kwa binti yake, na moja katika AIATSIS, taasisi ya taifa ya masomo ya Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait mjini Canberra, kwa masharti ya nani aruhusiwe kusikiliza. Maombi ya shule na vyuo yanakuja kwetu kwa barua pepe, sisi tunampigia binti, binti anamsomea. Hadi sasa ameruhusu kumi na moja na amekataa manne. Sababu hatuulizi.